Kaka Yupo Ukurasa wa Mbele

Tarehe 9, mwezi wa tatu

Yule mama kwenye simu akaniuliza tena, "Kwa hiyo nyinyi hamuandiki?"

Nikamwambia, hapana mama, sisi tunaziba mapaa.

Nyuma yake nilisikia sufuria zinaoshwa na watu wengi wanaongea polepole, kelele za nyumba yenye msiba. Akasema, "Lakini hapa mmeandika vizuri sana. Mimi nataka hivi hivi, ila mumtoe kaka yenu mumuweke mume wangu."

Nikampa pole, akakata simu.

Si wa kwanza leo. Mvua imeanza kupiga tangu alfajiri, mji mzima unavuja, na sisi mafundi wa mapaa tunapigiwa simu na watu wa misiba. Kijiko alicheka mpaka akakohoa. "Dogo, tubadilishe biashara, tuuze majeneza." Halafu akaona picha ya kaka ukutani, akaacha, akaenda kupanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Kijiko ni fundi aliyekuwa anafanya kazi na kaka. Wanamwita hivyo kwa sababu ya wembamba, kichwa tu ndicho kikubwa. Kaka alikuwa anapanda, Kijiko anashika ngazi, mimi nachanganya lami chini. Siku aliyoanguka bati lilikuwa limeloa. Basi, ndiyo hivyo. Sikuwahi kupanda na sasa ndiyo kabisa.

Ninaandika kwa sababu nimeambiwa niandike. Dada wa ghorofani, anayetengeneza tovuti kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi, kaniambia: "Kila anayepiga simu, andika alichosema. Kwa maneno yake, siyo yako." Mimi shule niliishia njiani. Nikiandika natoka jasho. Lakini nikikaa na daftari watu hawanisemeshi, hiyo naipenda.

Tarehe 10

Mvua kutwa. Simu moja. Msiba.

Tarehe 11

Nimepanda kwa dada wa ghorofani. Kaniketisha mbele ya kompyuta yake, akasema, "Haya, nyumba yako inavuja, una ndoo mkononi. Tafuta fundi."

Nikaandika kwa kidole kimoja: nyumba inavuja. Wakaja mafundi wengine, wengi, wengine sijawahi hata kuwasikia. Sisi hatupo. Akashusha ukurasa mpaka mwisho, akafungua wa pili, wa tatu. Hatupo.

"Sasa andika rambirambi za kaka."

Nikaandika. Wa kwanza kabisa, sisi. Picha ya kaka amesimama juu ya paa, anacheka, jua usoni, na juu yake kwa maandishi makubwa: Pengo Lako Halitazibika. Chini yake namba ya simu ya karakana.

Kaka ananiangalia kutoka kwenye kompyuta ya watu kama mtu aliyefungua mlango mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema dada, "hii mashine ya kutafuta haijui kama nyinyi ni mafundi. Haina macho, haiwezi kuja karakana ikaona ngazi. Inasoma. Inaanza na kichwa cha ukurasa, halafu maneno ya chini. Nyinyi kichwa mmeandika msiba, chini msiba, hata picha mmeipa jina la msiba. Basi inawaletea wafiwa."

"Lakini watu wanaingia wengi," nikasema. Kijiko ndiye alikuwa anajivunia hilo.

"Wanaingia. Kuna hata mmoja mwenye bati?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Hili hatukufanyiwa na mtu, tulilifanya wenyewe. Tovuti aliitengeneza kaka. Neno la siri alimwachia shemeji, mke wake. Baada ya mazishi shemeji alikaa na simu siku nzima, akafuta ukurasa wote wa mbele, akaandika habari za kaka. Alivyokuwa anaimba akiwa juu. Alivyokuwa anaogopa kuku. Mimi nilimsomea mama, tukalia mimi na yeye. Hakuna aliyesema huu ni mlango wa duka. Hata Kijiko aliutuma ukurasa kwa kila mtu aliyemjua, na wao wakawatumia wengine, na dada anasema hilo nalo limeupandisha juu zaidi, kwa sababu wengi wakiunyooshea kidole ukurasa, mashine inaona kuna kitu.

Kijiko nilipomweleza kichwa kilivyoandikwa akasema, "Mafundi wa kuziba tunatangaza kwamba pengo halizibiki. Hata mimi nisingetupigia."

Tarehe 12

Nimemwambia shemeji. Nilizunguka sana, nikaanza na mvua, nikaja kwa Kijiko, mwishowe nikasema dada wa ghorofani anaona ukurasa wa mbele ubadilishwe.

Alikuwa anamfunga mtoto viatu. Akasema bila kuinua kichwa, "Unataka nimfute."

"Siyo kumfuta, shemeji. Kumsogeza."

"Wapi?"

"Nyuma kidogo."

"Unamtoa sebuleni unampeleka stoo." Akamaliza kamba ya kiatu. "Sawa. Mwambie kaka yako wewe mwenyewe."

Nikatoka.

Tarehe 13

Mvua. Bati la karakana linapiga kelele mpaka mtu husikii unachofikiria. Afadhali.

Tarehe 14

Kijiko kaniita nje, pale pipa la lami lilipo. Kuna kundi la mafundi ng'ambo ya mji wanamtaka. "Sikufichi, dogo. Nitasubiri mvua zikatike. Zikikatika tukiwa hivi, nachukua ngazi yangu naenda."

Ngazi ni yake kweli. Bila yeye karakana inafungwa, hilo halina ubishi. Shemeji atarudi kwao na mtoto. Mama atachukuliwa na shangazi, ambaye ameshatoa mizigo kwenye kile chumba cha kona na kupiga simu kusema kitanda kipo. Mimi sijui. Mimi hakuna aliyenitandikia.

Mtoto jioni ananiuliza, "Baba mdogo, tunahama?" Wamesikia hata watoto.

Shemeji alikuwa kwenye kochi na simu. Nimekuwa nikimwangalia siku hizi. Anaandika, anangoja, anasoma, anatabasamu peke yake. Ukipita karibu anailaza simu kifudifudi pajani. Kaka hajamaliza hata mwaka.

Nimeandika tu.

Tarehe 15

Mama hajui kusoma ila amejifunza kubonyeza ile alama ya kipaza sauti. Asubuhi alikuwa jikoni anachagua mchele, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Hakujua kama nimesimama mlangoni.

Akataja jina la kaka, lote, na jina la karakana, kama mtu anayeita kwa heshima. Akauliza, "Yupo?"

Msichana wa ndani ya simu akajibu, "Imefunguliwa. Itafungwa saa kumi na mbili jioni."

Mama akasimamisha mkono juu ya mchele. Akageuza uso dirishani, kule njia inakopita. Akakaa hivyo. Halafu akaendelea kuchagua.

Nikakohoa. Akasema bila kushtuka, "Huyu msichana hadanganyi. Anasema alichoambiwa."

"Nani kamwambia, mama?"

"Si ni nyinyi."

Tarehe 17

Hakuna.

Tarehe 19

Leo nimepata maneno. Jirani wa nyuma anatujua kwa sura, kaja mwenyewe kwa miguu: "Kuna doa kwenye dari, jana lilikuwa kama sahani, leo kama meza." Mwenye saluni: "Maji yanashuka na waya wa taa, naogopa kuwasha." Mzee mmoja: "Mvua ikinyesha mimi na mke wangu tunahama kitanda." Kazi ndogo ndogo za kusimama kwenye kiti, Kijiko kazimaliza kwa ndani.

Nimempelekea dada maneno yote. Kayasoma kwa sauti, akafurahi kama nimemletea zawadi. Halafu akanionyesha ule ukurasa wa zamani wa kaka, kabla haujafutwa, alikuwa na nakala yake. Kaka aliandika: Ukarabati wa Mapaa na Udhibiti wa Upenyezaji wa Maji.

"Alitaka muonekane wakubwa," dada akasema. "Lakini mtu amelowa godoro, anaandika upenyezaji? Anaandika kama anavyolia. Wewe umeniletea kilio chenyewe. Hayo ndiyo tunaweka."

Nilijisikia vizuri, halafu nikajisikia vibaya, kwa sababu ya kaka.

"Shemeji yako amekubali?"

"Bado."

Tarehe 20

Mvua kubwa kuliko zote. Mtaa wa chini watu wanatoa maji ndani kwa beseni. Simu zimelia mara nyingi. Msiba, msiba, na mmoja aliyetaka kujua kama kaka alikuwa na ndugu wa kuoa. Huyo Kijiko alimjibu, mimi nisingeweza.

Tarehe 21

Asubuhi dada alinipigia. Sauti yake siyo ile ya siku zote. "Njoo uangalie kitu, halafu uniambie kama nimechanganyikiwa."

Chini ya ukurasa wa kaka kuna sehemu ya maoni. Sikuwahi kushuka mpaka kule, nilikuwa naishia kwenye picha. Mwanzoni ni pole za kawaida. Halafu watu nisiowajua. Wanaandika majina ya watu wao. Halafu wanaanza kumwandikia kaka mwenyewe, kama mtu anayempa dereva mzigo apeleke.

Mmoja: "Kaka nisiyekufahamu, binti yangu amekuja huko juzi. Anaogopa giza. Nakuomba umuangalie."

Chini yake kuna jibu. Jina la aliyejibu ni la kaka. Picha yake ile ndogo, anacheka, pembeni.

"Nimemuona. Haogopi tena. Lala mama."

Nikashuka. Mwingine anamuulizia baba yake kama amesamehe. Kaka: "Amesamehe siku nyingi." Mwingine, mume wake alizama. Kaka: "Yuko mkavu." Mwingine anaandika tu jina na alama ya kuuliza. Kaka: "Yupo." La mwisho ni la asubuhi ile ile, tulipokuwa tunakunywa chai.

Dada kasimama nyuma yangu, sisikii hata akipumua. "Nani anaandika haya?"

Nilisema sijui. Mguu wangu mmoja ulikuwa unajua, kwa sababu ulishaanza kwenda nyumbani.

Nilimkuta shemeji anaanika nguo kwenye kamba ya barazani. Simu mfukoni. Mimi sijawahi kumpandishia mtu sauti, na leo sikuweza pia. Nilisema, "Shemeji, kaka anajibu watu."

Akashika shuka lililolowa kifuani. Maji yakawa yanamshuka kwenye gauni.

"Nilijibu mmoja tu," akasema. "Yule wa mtoto anayeogopa giza. Nilikuwa nimeingia kwa akaunti ya kaka yako, sikubadilisha. Ningemwambia nini? Niliandika, nikabonyeza. Kesho yake akaandika asante, nimelala. Umeelewa? Mama wa mtoto aliyekufa amelala. Halafu wakaja wengine."

"Wanaamini ni yeye."

"Hata mimi." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Nikiandika kwa jina lake yanakuja maneno ambayo mimi sina. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nikitoka pale nakuwa tena mtu anayeanika nguo."

Nilimwambia, "Nilidhani una mwanaume."

Akacheka, na kile kicheko kikageuka katikati. Ndiyo mara ya kwanza namuona analia tangu mazishi. Alilia kama mtu anayetapika, kashika ukuta. Mimi nilisimama pale na vibanio vya nguo mkononi. Mtoto akaja akamshika mguu. Nikaendelea kuanika, nikaanika nguo zote mpaka zikaisha.

Mimi nilimhesabu shemeji kuwa hana moyo. Kumbe amekuwa akifanya kazi ya msiba peke yake, wa mji mzima.

Tarehe 22

Shemeji mwenyewe kasema mama aambiwe. Tukakaa watatu sebuleni, mchana, mvua imepumzika. Mama akasema, "Nisomee. Usiruke."

Nikasoma. Nasoma polepole kwa hiyo ilichukua muda. Shemeji alikuwa anaangalia sakafu. Nilipofika kwa yule aliyezama nilikwama, mama akasema endelea.

Nilipomaliza akauliza, "Hayo ndiyo mwanangu kasema?"

"Ni mimi mama," shemeji akasema.

"Najua ni wewe. Nauliza kama ndivyo anavyosema." Akatikisa kichwa. "Huyo siyo yeye. Mwanangu ukimuuliza paa litakaa miaka mingapi, anakuambia sijui, ngoja mvua. Wateja walikuwa wanakasirika. Mimi mwenyewe nilimuuliza hospitali, utapona? Akasema mama, sijui. Hivyo tu. Hakunidanganya hata pale." Akatafuta kanga yake, akafuta uso, akaikunja. "Mimi naongea na lile lisimu kila siku, msidhani siku hizi mimi ndiyo mzima. Lakini mmemuweka mlangoni. Kila anayepita na matope yake anamuuliza, naye ajibu, ajibu. Kazi gani hiyo? Hata alipokuwa hai jioni alikuwa anavua viatu. Mpeni chumba chake ndani. Anayetaka kumsalimia atamfuata. Na asijibu tena."

Baadaye nilimkuta shemeji jikoni, akaniambia, "Kesho utanipeleka kwa huyo dada yako."

Tarehe 23

Tumeshinda ghorofani. Kijiko naye alikuja, akakalia ndoo ya rangi kwa sababu viti vilikuwa vimeisha.

Dada akasema kila ukurasa uwe na kazi yake moja, ukiupa mbili mashine inachanganyikiwa na mtu pia. Akafungua ukurasa mpya, jina la kaka na miaka yake. Yale yote ya shemeji yakaingia mle, kuimba, kuku, vyote, na maoni ya watu hayakufutwa hata moja. Picha anayocheka ikaenda mle.

Mlango wa mbele ukabaki mweupe. Dada akamsogezea shemeji kompyuta. "Andika wewe. Mtu ana maji ndani. Mwambie nini?"

Shemeji akakaa. Akaandika: Nyumba Inavuja? Tunakuja Kuziba. Akafuta. Akaandika tena vile vile, akaacha.

Chini tukaweka maneno ya watu, doa la dari, waya wa taa, kuhama kitanda, na chini ya kila shida tunavyofanya. Dada akataka kila picha ya kazi iandikwe ni ya nini, kwa sababu mashine haioni picha, inasoma jina lake. Tulizokuwa nazo ziliitwa namba namba. Akazipunguza ukubwa. "Mwenye ndoo mkononi hasubiri picha ifunguke." Akahakikisha namba ya simu ni moja kila mahali, maana kwingine ilikuwa ile ya kaka, ambayo tuliifunga.

Kijiko akauliza, "Sasa tuandike paa, paa, paa, mara nyingi, si tutapanda juu?"

"Ukija kwangu ukasema habari, habari, habari, nitakufungulia au nitamuita mlinzi?"

"Inategemea umeniangaliaje."

Hata shemeji alitabasamu.

Mwisho aliingia kwenye ukurasa wa kaka, kwa jina lake mwenyewe safari hii. Aliandika: "Mimi ni mke wake. Ni mimi niliyekuwa nawajibu. Yeye hajibu, na mimi sijui walipo watu wenu. Nisameheni. Mlango huu utabaki wazi." Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka dada akatoka nje kujifanya anachota maji. Akabonyeza.

Tarehe 24

Nimetafuta asubuhi. Bado tunatoka vile vile, kaka, picha, Pengo Lako Halitazibika. Ukibonyeza unaingia kwenye ukurasa mpya. Lakini nje ni yeye.

Nikampigia dada. Akasema, "Mmepaka mlango rangi mpya, lakini mpiga picha wa ile mashine hajapita tena mtaani. Anapita akitaka. Inaweza kuwa siku, inaweza kuwa wiki nyingi. Nimemwita, ila halipwi na mimi. Subiri. Na usitafute kila dakika."

Tarehe 26

Nimetafuta. Kaka.

Tarehe 27

Kaka.

Tarehe 30

Kuna mtu kamuandikia shemeji, "Mlituchezea na maiti zetu. Mungu anawaona." Shemeji kaisoma mara moja, akaenda kupika. Chumvi ilizidi, tumekula hivyo hivyo.

Yule mama wa mtoto anayeogopa giza naye kaandika. Shemeji kaniletea nisome, kama hakuamini macho yake. "Nilijua. Wafu hawana simu. Nilitaka tu mtu ajibu."

Tarehe 3, mwezi wa nne

Mvua ya asubuhi tu. Mchana jua. Kijiko anaangalia juu kama mtu anayeangalia saa. Kaka bado yupo mbele.

Sasa nitasema jambo. Nikimtafuta siku hizi naomba moyoni asiwe ameondoka. Naomba tuondolewe, halafu naomba asiondoke. Mtu anaweza kuomba vyote kwa mara moja, sikujua.

Tarehe 6

Siku mbili kavu. Shangazi kapiga simu kuuliza mama analala na mito mingapi.

Tarehe 8

Kijiko ameshusha rafu yake ukutani. Misumari yake kaiweka kwenye mfuko. Alama ya rafu imebaki ukutani, rangi safi.

Tarehe 11

Mvua imerudi kwa hasira. Nimemshukuru Mungu na nikaona aibu, maana mtaa wa chini wanatoa maji tena.

Kaka.

Tarehe 14

Hayupo.

Nilitafuta rambirambi za kaka, kwa mazoea. Wakaja wengine. Nikashuka, nikashuka. Nikaandika nyumba inavuja. Ukurasa wa pili, katikati: Nyumba Inavuja? Tunakuja Kuziba. Picha ya Kijiko ameshika bomba la silikoni, ile gundi ya kuzibia, kafumba jicho moja.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilikaa kwenye pipa la lami. Ni kama siku ile watu walivyotoka makaburini, kila mmoja kashika njia yake, nikabaki nageuka geuka kuona nani bado hajaja.

Baadaye nikaandika jina la kaka, jina lenyewe tu. Alikuwepo, kwenye chumba chake. Nikafunga polepole.

Tarehe 15

Mama kauliza kile chombo, "Yupo?" Msichana kasema imefunguliwa. Mama akamwambia, "Hiyo ni karakana. Sawa." Akarudi kwenye mchele.

Tarehe 17

Tumesogea juu kidogo, wa mwisho kwenye ukurasa wa kwanza. Dada kasema jirani na mwenye saluni waandike maoni kuhusu kazi, kwa ukweli, wasipambe. Mwenye saluni kaandika: "Wanachelewa kufika ila halivuji." Kijiko kakasirika. Dada kasema hilo ndilo litaaminiwa.

Kijiko bado hajarudisha rafu. Kesho kutwa anawapa jibu wale wa ng'ambo.

Tarehe 18

Simu imelia asubuhi hii, tukiwa wote nyumbani kwenye chai. Mwanaume, sauti ya haraka, watoto wanalia nyuma. "Nimewaona kwenye simu. Nyinyi mnaziba?"

Nilisema ndiyo. Nilisubiri aseme nani kafariki. Akasema, "Bati limeng'oka kwenye kofia ya paa, maji yanaingia chumba cha watoto. Mnakuja leo au nitafute mwingine?"

Nikaweka mkono juu ya simu, nikamwambia Kijiko. Kijiko akaweka kikombe chini. Hii siyo ya kusimama kwenye kiti. Hii ni ya kupanda mpaka juu kabisa, na goti lake halipandi, ndiyo maana siku zote alikuwa anashika ngazi.

Shemeji alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. "Nani atapanda?"

Hakuna aliyeniangalia. Wote watatu walikuwa wanaangalia vitu vingine, mama mchele, Kijiko goti, shemeji nje. Walikuwa wananionea huruma, na ilikuwa mbaya kuliko kuniangalia.

Nikarudi kwenye simu. Nikasema, "Tunakuja sasa hivi."

"Na wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi."

Kijiko ametoka kufunga ngazi kwenye mkokoteni, na nikamsikia anaongea na simu huko nje, anawaambia wale wa ng'ambo wasimsubiri. Shemeji ameniletea viatu vyenye soli ya mpira. Ni vipya, sijui kavinunua lini, na sikuuliza. Mama kaniambia, "Ukifika juu usiangalie mtu. Angalia unapokanyaga." Nikamuuliza kama itakuwa sawa. Akasema, "Sijui, baba."

Naandika haya nimesimama, wino unaruka. Kijiko ameita mara ya pili. Kule nyuma ya maghala wingu limeshajikusanya, jeusi, na upepo unalileta huku. Bati bado kavu. Lazima niondoke sasa, niwe nimepanda na kushuka kabla halijaloa.